Kicheko Kilichokosa Utamu

Nakeno alicheka mara moja tu, na hakuna mtu aliyekuwa amesema neno.

Ilikuwa Jumamosi, saa sita na dakika chache mchana, katika nyumba yao ya mabati pale Nakwamekwi, Lodwar. Alikuwa ameketi kizingitini na sinia la maharagwe mapajani, chini ya tumbo lake la miezi saba, akichagua mawe na kuyatupa nje. Mumewe Etabo alikuwa amelala chali kwenye mkeka, shati wazi, akingoja jua lipoe. Kicheko kilikuwa kifupi: ha, ha, ha, vipande vitatu vilivyokatwa sawasawa, kisha pumzi ikavutwa ndani kwa mlio mwembamba, kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta.

"Umekumbuka nini?" Etabo aliuliza bila kufumbua macho.

Etabo alipomtazama alimwona ameziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka, maharagwe yanamwagika taratibu kutoka kwenye sinia.

"Si mimi," alinong'ona. "Etabo, si mimi niliyecheka."

Ndani ya nyumba kulikuwa na harufu ya mchanga uliolowa, ile inayotoka kwenye laga, mto mkavu wa mchanga, maji ya kwanza yanapopita. Lodwar haikuwa imeona tone la mvua tangu Aprili.

Etabo aliketi. Angekuwa amekisikia kicheko kile kwa mara ya kwanza, labda angemletea mkewe maji na kumwambia ni uchovu wa mimba. Lakini alikijua. Mwaka mzima alikuwa akikiigiza yeye mwenyewe mbele ya watu, vipande vitatu na ile pumzi ya mwisho, na watu walianguka kwa kucheka. Mwenye kicheko alikuwa amekufa miezi minne iliyopita.

Aliitwa Clotilde. Alikuwa mshonaji kutoka Uvira, Kongo, aliyeishi na kaka yake Barnabé kambini Kakuma. Wakati huo Etabo alifanya kazi katika zahanati moja ndogo ya huko na kurudi Lodwar kwa mkewe kila mwisho wa mwezi. Alikuwa tabibu wa kawaida, lakini Kakuma kila aliyevaa koti jeupe aliitwa daktari. Clotilde alimjia na bahasha ya picha ya kichwa iliyopigwa Eldoret, akamweleza kwamba alikuwa akicheka tangu umri wa miaka mitano. Alicheka mara sita au saba kwa siku, akiwa kwenye cherehani, akila, akisali. Siku nyingine, baada ya kicheko, macho yaligeuka akaanguka kifafa.

Etabo alimchorea nyuma ya boksi la dawa.

"Kicheko si kitu kimoja," alimwambia. "Ni vitu viwili vinavyotembea pamoja. Kuna utamu wake, ule wa kuona jambo linachekesha. Huo unapikwa huku mbele na kandokando ya ubongo, pale akili inapotarajia hivi na jambo likageuka vile. Halafu kuna mlio wake: uso kukunjuka, kifua kuruka, koo kutoa sauti. Mlio una njia yake huku chini, njia ya kale, hata mtoto mchanga anayo kabla hajajua neno. Kwa watu wengine utamu hutangulia, mlio ukafuata. Wewe una kiuvimbe hapa chini kabisa, kidogo kama punje ya mahindi. Kinatoa cheche, na cheche inaingia moja kwa moja kwenye njia ya mlio. Kwenye utamu haipiti."

Clotilde aliutazama ule mchoro kwa muda mrefu.

"Kumbe si miye niko nacheka," alisema.

"Si wewe."

"Daktari, miye kicheko najua kama vile kikohozi. Batu banasemaga kucheka kuko tamu. Utamu yake iko namna gani?"

Etabo aliikolezea wino ile punje kwenye mchoro.

"Basi uniandikie karatasi," Clotilde akasema. "Utie muhuri. Batu banawaza niko nabacheka. Nikianza, nabaonyesha."

"Nitakuandikia kesho."

Kesho ile haikufika. Kila alipokuja kulikuwa na foleni, au wino wa muhuri umekauka, au Etabo alikuwa anakwenda kunywa chai. Na kwenye kibanda cha chai, jioni, rafiki yake Ekuru wa maabara alikuwa akigonga meza na kusema, "Hebu tupe Clotilde." Etabo alikuwa na kipaji cha kuiga. Alikaza shingo, akatoa macho makavu yasiyocheka, kisha ha, ha, ha, na ile bawaba. Ekuru alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Hata Nakeno alioneshwa, siku moja Etabo alipokuja nyumbani, akacheka huku ameshika ukingo wa meza.

Mwezi wa tatu mto Tarach ulishuka na maji usiku mmoja, ukachukua watoto mapacha wa Makur, mtu wa Sudan Kusini aliyekuwa jirani ya Clotilde. Clotilde ndiye aliyewashonea sare za shule. Alikwenda msibani kama majirani wote, akaketi na wanawake. Watu walipoinamisha vichwa kuomba, kimya kikatanda, na katikati ya kimya kile kikatoka: ha, ha, ha.

Makur alisimama. Alitazama huku na huku mpaka akamwona Etabo, aliyekuja na wenzake wa zahanati.

"Daktari, wewe ndiyo natibu hii mama," alisema. "Iko mgonjwa, ama iko cheka watoto yangu?"

Watu kama mia waligeuka. Ekuru, aliyeketi kando ya Etabo, alikuwa ameuma mdomo na mabega yanamtikisika, kwa sababu kile kicheko kilikuwa kimemkumbusha meza ya chai. Etabo naye akahisi kinampanda kifuani, kile kicheko cha aibu kinachomshika mtu mahali pasiporuhusiwa, na kadiri unavyokikandamiza ndivyo kinavyosukuma. Aliogopa kwamba akifungua kinywa aeleze, kitatoka. Kwa hiyo alifungua kidogo tu.

"Mimi sijui," alisema.

Hakuna aliyempiga Clotilde. Watu walijitenga wakamwachia njia, naye akapita katikati yao akicheka huku machozi yanamtoka, na wanawake wawili wakamrushia mchanga mgongoni. Alishuka kwenye laga, iliyokuwa imekwisha kukauka juu na kubaki na unyevu chini, akaenda zake. Kifafa kilimkuta huko, jua la utosi. Barnabé alimpata alasiri, uso chini, kinywa kimejaa mchanga mbichi. Wiki mbili baadaye Etabo aliacha kazi ya Kakuma, akapata nyingine Lodwar.

Hakumwambia Nakeno chochote cha hayo Jumamosi ile. Alimwambia alale. Jumapili kicheko kilimtoka mara saba, zote kati ya saa sita na saa tisa. Kivuli cha mtu kilipofikia urefu wake mwenyewe, kicheko kikakoma, na Nakeno akaweza kula kidogo. Asubuhi ya Jumatatu simu ikalia. Alikuwa Hani, muuguzi wa Kisomali aliyefanya kazi naye Kakuma.

"Etabo, umekaa?" Sauti yake ilikuwa chini, kama mtu anayeongea karibu na mgonjwa. "Ekuru ametutoka."

"Ametutoka vipi?"

"Kucheka. Siku tatu za kwanza ilikuwa mchana tu, tukadhani ni utani wake. Siku ya nne hakikukoma tena. Amecheka siku mbili mfululizo, hali, halali. Tumemdunga kila kitu. Mbavu mbili zimevunjika na bado anacheka. Mwishoni sauti iliisha, kifua tu kinaruka. Wallahi macho yake yalikuwa yananiomba."

Etabo aliegemea ukuta.

"Kulikuwa na harufu?" aliuliza.

"Umejuaje kuhusu harufu?"

"Nakeno ameanza. Leo ni siku ya tatu."

"Yule mwenye mimba?"

"Yeye huyo."

"Mlete huku kambini kwa shangazi yangu Aisho, yeye huwatibu wa namna hii kwa kisomo. Kesho, Etabo. Mfike kabla jua halijasimama."

Lakini kwanza kulikuwa na mchana wa Jumatatu wa kupita. Etabo alikuwa mtu wa dawa, na bado alitumaini. Saa tano alimpa Nakeno vidonge vya kifafa, alivyovipigia hesabu ya mimba mara mbili, akampima mapigo na presha, akafunga dirisha la upande wa jua. Mtaa ulikuwa umetulia. Hata mbuzi walikuwa wamejibana kwenye kamstari ka kivuli cha ukuta wa jirani.

Saa sita ilipofika harufu ilitangulia. Ilianzia pembeni kwenye mtungi wa maji, ikatambaa sakafuni, ikapanda mkekani, nzito na baridi ndani ya joto lile, na Nakeno akamshika mumewe mkono akasema, "Inakuja," na kabla hajamaliza kusema uso wake ulivutwa kutoka pande zote mbili kama kitambaa kinachotandikwa, meno yakaonekana, kifua kikaanza kuruka, ha, ha, ha na pumzi, ha, ha, ha na pumzi, na juu ya tabasamu lile pana macho yake yalikuwa ya mtu anayezama, yakimtazama Etabo, yakimfuata kila alipokwenda, na Etabo alipoweka kiganja kwenye tumbo alilikuta limekaza kama ngozi ya ngoma, na ndani yake mtoto anajipigapiga huku na huko kama anayetafuta mlango. Alimlaza ubavu wa kushoto, akamtia maji usoni, akamwita jina lake, akaanza kuhesabu dakika, akafika arobaini, akapoteza hesabu, akaanza upya, na katikati ya hesabu ya pili kicheko kilikatika ghafla na kinywa kile kile cha mkewe, ambacho kilikuwa hakijawahi kwenda Kongo, kikasema taratibu, "Daktari. Ulisema utaniandikia kesho."

Etabo aliruka nyuma akagonga mgongo kwenye kabati.

"Leo iko siku gani, Daktari?" kinywa kikauliza, kisha kikaendelea kucheka.

Jioni ile alimweleza Nakeno yote: karatasi, kibanda cha chai, na yale maneno mawili msibani. Nakeno alisikiliza amelala, sauti imemkauka.

"Na mimi nilicheka," alisema. "Pale mezani. Nilikuomba urudie."

"Wewe hukujua ni mgonjwa."

"Nilijua ni mtu."

Waliondoka alfajiri kwa gari la kukodi. Kufikia saa nne walikuwa kambini, mbele ya nyumba ya udongo ya Aisho. Alikuwa mwanamke mzee, mpana, mwenye miwani iliyopasuka kioo kimoja, na aliwapokea bila maneno mengi. Alimketisha Nakeno kwenye kigoda, akamfunika shuka jeupe toka kichwani, akaweka chetezo miguuni pake. Hani aliketi nyuma na kumshika mabega.

"Shangazi," Etabo alisema, "ni mzimu wa Clotilde?"

"Maiti harudi, mwanangu. Maiti ana shughuli zake. Kuna mwingine aliyekuwa karibu alipokufa. Tutamwuliza." Akamwagia ubani kwenye makaa. "Wewe nyamaza mpaka nikuambie. Kazi ya kunyamaza unaiweza."

Jua lilisimama. Moshi wa ubani uliokuwa ukipanda ukalala sakafuni, na harufu ya mchanga mbichi ikaufunika. Shuka likaanza kuruka juu ya kifua cha Nakeno. Aisho alisoma, akapuliza, akasoma tena, kisha akagonga sakafu kwa kiganja.

"Wewe uliyeketi hapa, kiti hiki si chako. U nani?"

Kicheko kilikoma. Sauti iliyotoka chini ya shuka haikuwa ya Nakeno wala ya Clotilde. Ilikuwa kavu, ya polepole, kama mchanga unaomwagwa kutoka mkono hadi mkono.

"Mimi ni wa laga," ilisema. "Nilikuwa nimelala chini ya Tarach kabla ya kambi, kabla ya barabara. Akaniangukia. Pumzi yake ya mwisho ilikuwa kicheko, ikaniingia kinywani. Mimi nimeonja vilio vya watu, nimeonja hofu zao, na kila kimoja kina ladha. Hiki kilikuwa jivu. Nikamwuliza, we mwanamke, utamu wa kicheko chako umeliwa na nani? Akaniambia: kuna watu walikuwa wakiula jioni, na chai."

Hani alimtazama Etabo, kisha akainamisha macho.

"Unataka nini?" Aisho akauliza.

"Alichonyimwa. Nimeanza kukusanya. Yule wa maabara alikuwa na kidogo, kimekwisha. Huyu mwanamke alionja siku moja, mezani kwake." Shuka liligeuka polepole, likaelekea chini, kwenye tumbo. "Na humu ndani kuna mwingine. Huyu hajacheka hata mara moja. Wake wote bado mzima."

"Chukua wangu!" Etabo alisema.

"Nyamaza!" Aisho alimkemea. "Jini hapewi neno bila kulipima!"

"Ameshalitoa," ilisema sauti, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kama inafurahi. "Nitalipokea. Lakini kwanza akaseme alichokinyamazia. Pale pale, mbele ya wale wale, kabla kivuli hakijawa kirefu. Akichelewa nitakula utamu wa humu tumboni."

Nakeno akaanza kucheka tena, kwa nguvu kuliko jana, na Hani akampigia Etabo kelele akimbie.

Alikimbia. Boma la Makur lilikuwa ng'ambo ya pili ya kambi, na njia ilipita kandokando ya laga. Jua lilikuwa limewasukuma watu wote vibandani. Alipofika alianza kuita, akagonga mabati, akaita jina la Makur na jina la Barnabé, na watu wakatoka mmoja mmoja wakifikiri kuna moto. Makur alikuja na kiti chake, akakiweka, hakukaa. Barnabé alifika wa mwisho, mtu mwembamba mwenye tepu ya kushonea shingoni, kwa kuwa sasa yeye ndiye aliyekuwa kwenye cherehani ya dada yake.

"Siku ya msiba mliniuliza swali," Etabo alisema. Alikuwa anahema. "Nilisema sijui. Nilijua. Clotilde alikuwa mgonjwa."

Akapiga magoti akachora kichwa cha mtu mchangani kwa kidole. Aliwaonesha mahali pa utamu, na mahali pa mlio, na ile punje, na jinsi cheche ilivyopita. Aliwaambia kwamba Clotilde aliomba karatasi mara nyingi, naye hakumwandikia. Aliwaambia kwamba alikuwa akimwigiza jioni ili watu wacheke. Wengine walitazama chini, maana walikuwa wamecheka.

Makur alitazama ule mchoro. "Wewe ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Ulijua, na mdomo yako ikasema hujui." Alishika mgongo wa kiti chake. "Mimi nilifukuza mama mgonjwa kwa kilio ya watoto yangu. Mama alishona nguo yao. Wewe ndiyo ulinipa hii kitu nibebe. Nikikutana na watoto yangu, nitasema nini?"

Etabo alimgeukia Barnabé.

"Kuna kitu kiko ndani ya mke wangu," alisema. "Kimemuua Ekuru. Ana mimba, Barnabé. Nisamehe."

Barnabé alimtazama kwa utulivu mkubwa.

"Miye sikukituma," alisema. "Ujue hivyo. Miye niko mukristo. Lakini kama kingeniuliza njia ya kwako, ningekionyesha."

Ndipo harufu ikaja. Wote waliisikia. Wanawake walivuta khanga wakaziba pua, na mbwa aliyekuwa chini ya kiti cha Makur akaondoka bila kubweka.

Etabo alicheka.

Hakikuwa kile cha vipande vitatu. Kilikuwa chake mwenyewe, kinene, kinachotoka tumboni, na kilikuwa kitamu kuliko kicheko chochote alichowahi kucheka, kwa sababu kila kitu kilichowahi kumchekesha kilikuwa kinapita mbele yake kwa mara moja: mbuzi aliyekimbia na sufuria ya bibi yake imenasa kwenye pembe huku kijiji kizima kinamfukuza, mwalimu aliyekalia rangi mbichi na kufundisha mpaka kengele, Nakeno siku ya arusi yao alipopiga chafya mara tisa mfululizo katikati ya sala ya padri, Ekuru na chai puani, na kila kimoja kilipopita kiling'aa na kumtekenya na kisha kikaenda, kikatoka nje ya kifua chake kama uzi unaovutwa, na alipokitafuta tena alikikuta pale pale kwenye kumbukumbu, mbuzi ni mbuzi na sufuria ni sufuria, lakini utamu haupo, naye akaelewa kinachofanyika na akataka kukishika kimoja tu, cha arusi tu, na hakuweza kwa kuwa alikuwa anacheka, anacheka kwa raha mbele ya baba aliyezika wawili na kaka aliyezika mmoja, na watu wa Kakuma wamesimama wanamtazama kama walivyomtazama yule mwanamke.

Uzi wa mwisho ulipotoka aliketi mchangani, uso umelowa. Hakuna aliyemrushia mchanga. Hakuna aliyemwinua pia. Watu walirudi vibandani mwao, na Makur akabeba kiti chake.

Kwa Aisho alimkuta Nakeno amelala kwenye mkeka, shuka limeondolewa, anapumua kama mtu. Tumbo lilikuwa limelegea. Hani alikuwa akilia huku anatabasamu.

"Kimetoka," alisema. "Ghafla tu, kama mtu aliyeitwa nje. Umefanya nini, Etabo?"

Aisho alimtazama Etabo usoni kupitia kile kioo kizima cha miwani yake.

"Amelipa," alisema. Hakumpongeza. Aliokota chetezo chake akaenda kumwaga majivu.

Mtoto alizaliwa salama mwezi wa tisa, msichana. Etabo aliendelea na kazi. Mgonjwa akiomba karatasi alimwandikia pale pale, kwa Kiswahili, akatia muhuri, hata foleni iwe mpaka barabarani. Alikula, alilala, alihuzunika kama watu wote. Lakini wenzake wakichekeshana alibaki akiwatazama midomo. Alijua kila kinachotendeka vichwani mwao, angeweza kuwachorea, na alijifunza kuvuta mashavu kwa wakati ufaao ili asiwatie wasiwasi. Mtoto alipofikisha miezi minne akacheka kwa mara ya kwanza, kwa sababu Nakeno alikuwa amepiga chafya. Nakeno aliruka kwa furaha. Etabo alisema, "Ni umri wake," akaandika tarehe kwenye kadi ya kliniki.

Usiku ule Nakeno alilia akiwa amempa mgongo.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, siku ya Alhamisi, saa saba mchana, Hani alipiga simu. Nyuma yake kulikuwa na upepo na mlio wa madumu.

"Niko lagani," alisema kwa kunong'ona, "pale akina mama wanapochimba maji. Etabo, wiki nzima wanasema kuna mtu anacheka chini ya mchanga. Wa kwanza walikimbia. Sasa hawakimbii tena. Wanakuja, wanaketi, wanasikiliza. Wanasema mtu akikisikia, hata awe na shida gani, naye anacheka. Nilisema ni upuuzi. Ngoja. Ngoja, kinaanza. Sikiliza."

Etabo aliweka simu kwenye meza, akafungua spika. Nakeno alikuwa anamnyonyesha mtoto kitandani.

Kwanza ilikuwa upepo. Kisha kikaja, kutoka mbali na chini, kikapanda. Hakikuwa vipande vitatu, wala hakikuwa na bawaba. Kilikuwa kinene, cha tumboni, kilichojaa, kicheko cha mtu aliyeshiba utamu mpaka unamwagika, na kilipofika juu kilijikwaa kidogo, kikajicheka chenyewe, kikaendelea. Nyuma yake wanawake kadhaa walianza kucheka pia, na sauti ya Hani ikaanza kutetemeka kwa kujizuia.

Etabo alikifahamu. Alikuwa amekaa nacho miaka thelathini na minne.

Alinyoosha mkono akate simu, kisha akamtazama mkewe. Nakeno alikuwa ameacha kumnyonyesha mtoto. Alikuwa amegeuza shingo kuelekea mezani, midomo wazi, na tabasamu lilikuwa limekwisha kumpanda usoni kabla hajapata nafasi ya kulizuia.

"Nilikuwa nimeanza kukisahau," alisema.

Akainuka na mtoto mkononi, akaketi karibu na meza, akainamisha kichwa juu ya simu.

"Hani," alisema taratibu, "usikate. Isogeze karibu na mchanga."